Kofia Nyekundu Kigingini

Siku ile mjinga alikuwa Ditram Ndunguru, na hakuna haja ya kumtafutia jina la heshima. Mwenyewe hukiri kabla hujamaliza kumuuliza. Kisha hucheka, kisha hunyamaza, na kunyamaza si kawaida yake. Lihutu, mgodi wa makaa wa kwao, ilishamvunja mbavu, ikamzikia wenzake, ikamwachisha kazi na kumrudisha kwenye jembe, naye akatoka na mzaha wake mzima kama alivyozaliwa nao. Mtu wa namna hiyo haogopi kuitwa mjinga. Alichofanya ni kuiba kofia ya shemeji yake.

Ilikuwa kofia ya sufu, nyekundu, yenye kishada utosini. Gerold Mapunda, mume wa Winfrida dada yake Ditram, aliivaa miaka yote ya makaa, na makaa yalipopigwa marufuku akaendelea kuivaa akifuta vioo vya jua kule bondeni. Aliivaa sokoni, aliivaa shambani, na padri alikwisha kata tamaa ya kumwambia aivue kanisani.

"Shemeji," Ditram alizoea kumwambia, "hivyo vioo unavyovifuta mchana kutwa, hujawahi kuuona upara wako humo ukajikubali?"

"Nimeuona," Gerold hujibu, taratibu, maana huyo hata kukasirika alikuwa anachelewa. "Unang'aa kuliko shamba lako."

Basi kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani Gerold akajisahau, akaiacha kofia kitini. Ditram akaitia kwapani, akapanda nayo mlimani jioni ile ile, akaitundika kwenye kigingi cha kwanza mdomoni mwa mgodi. Akashuka anacheka peke yake njia nzima.

Anayetoka mbali hawezi kuona ubaya wa kofia kutundikwa. Lakini Lihutu ilikuwa na desturi yake. Mchimbaji akiingia shimoni huvaa ya bati, na ile ya kurudia nyumbani huitundika kigingini, kama kuuambia mlima kwamba kichwa chake kitaifuata. Akitoka huitungua mwenyewe. Mwingine haigusi, awe baba yake, awe bosi. Kofia ya mtu iliwahi kutunguliwa na mikono ya wengine, ndiyo, na kila mara aliyeitungua alikuwa mjane. Kwa hiyo kofia ikishatundikwa, mwenyewe hana njia ya kuipata ila moja: aingie ndani, afike walau Kona ya Kwanza, ageuke, atoke, aichukue.

Huo ndio uliokuwa utamu wa mzaha. Kesho yake mlima ungeganzishwa, yaani kujazwa dawa ya kuuzima moto wake wa ndani, mbele ya wageni, na Ditram alishamwona Gerold akilini, mfuta vioo mzima, akiingia na kutoka mgodini kama mwali anayetolewa ndani, watu wanapiga makofi.

Asubuhi watu walikusanyika. Matangi mawili ya ganzi yalikwisha kuchanganywa, pangaboi kubwa zikizunguka ndani yake, na ganzi yenyewe ilikuwa nyeupe kama uji wa mchele. Mhandisi Kabula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno, alikuwa akiitazama rangi yake kama mama anavyotazama maziwa jikoni. Ganzi ikishachanganywa haina subira. Nyeupe hugeuka kijivu, kijivu hugeuka bluu, na ikifika bluu ni jiwe, tangi lake na yote.

"Tuanze," akasema.

Hakuna aliyesogea. Wachimbaji wa zamani walikuwa wamekunja mikono, wote wanatazama kigingi cha kwanza.

"Kuna nini?"

"Kofia iko juu, Mhandisi," akajibu mmoja wao. "Kofia ikiwa juu hapamwagwi hata maji ya kunawa."

Ditram akajitokeza mbele akiwa na tabasamu la mtu aliyesubiri zamu yake. "Jamani, pumueni. Ni mimi. Nimeitundika mimi jana. Huyo mwenye kofia yuko kitandani bado anatafuta soksi."

Kicheko kikalipuka. Hata Kabula akaachia meno kidogo. Na kicheko hakijaisha, Winfrida akatokea kwenye njia ya mawe, kanga kiunoni, anahema.

"Kaka," akasema, "Gerold keshatoka?"

"Katoka wapi?"

"Huko ndani. Watu walimwambia kofia yake iko wapi. Kaondoka alfajiri, kachukua tochi. Kasema anaifuata mapema kabla wageni hawajafika, usije ukapata cha kumcheka."

Watu wakageuka kuitazama kofia. Kishada chake kilitikisika kidogo kwa upepo uliokuwa ukitoka shimoni, upepo wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu mwenye homa.

*

Mlima ulikuwa unaungua kwa ndani. Hakuna aliyeuwasha. Makaa yaliyoachwa wazi huvuta hewa, yakivuta hewa hupata joto, na joto likikosa pa kwenda huwa moto. Moto wa Lihutu ulianza upande wa pili, mbali, ukatambaa mwaka hadi mwaka kama kidonda, na sasa vipimo vya Kabula vilionyesha umekaribia njiapanda, pale mkanda wa makaa unapogawanyika. Mkanda wa Juu ulipita chini ya nyumba za wachimbaji wa zamani na mashamba yao ya ngolo, yale ya vishimo vilivyopangwa mlimani kama sega la nyuki. Mkanda wa Chini ulipita chini ya Nyumba ya Chumvi. Huko ndiko vioo vyote vya bondeni vilikotupa jua lao, chumvi ikayeyuka, ikalitunza joto hadi usiku, na mikoa mitatu ikawasha taa bila kuchoma kitu. Kila tangi lilikuwa na bomba lake na mkanda wake. Ganzi ikiingia kwenye makaa, kila chembe hufunga mdomo. Jiwe la makaa lililoganzishwa ukilitupa kwenye tanuri la mhunzi litalala humo kama la mtoni. Ila ganzi huisukuma nje hewa yote. Mwenye pumzi akiwa humo, imekwisha.

"Masikio yanasemaje?" Ditram akauliza. Masikio ni vile vidude vilivyofukiwa ndani kusikiliza miamba.

Kabula alikuwa amekwisha inamia kioo cha vipimo vyake. "Yanasikia kila kitu. Mwamba unapasuka, mwamba unapoa, mwamba unapumua. Mtu mmoja siwezi kumtenga na hayo." Akainua uso. "Na Kona ya Kwanza imeporomoka asubuhi hii. Niliona. Nikadhani ni joto."

Winfrida akaketi juu ya jiwe, si kwa kuzimia, alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Basi tunachimba," Ditram akasema.

"Ndugu Ditram." Kabula akamvuta pembeni, lakini sauti hakuishusha. "Moto ukivuka njiapanda, ganzi itachemka kabla haijashika. Ni leo. Si kesho, si jioni. Na ganzi nyingine hakuna mpaka kiangazi kijacho. Sijui kama shemeji yako ni mzima. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Kando ya Nyumba ya Chumvi kuna mtaa. Hao najua ni wazima. Nimekunywa nao chai leo."

"Mhandisi, unaniambia niue mtu kwa hesabu?"

"Nakuambia nimezaliwa mahali moto kama huu haukuzimwa. Waliogopa, wakasubiri, wakaitisha kikao kingine. Mama yangu mpaka leo anaanika nguo ndani ya nyumba, na watoto wa mtaa wetu wanakohoa kabla hawajajua kuongea. Usinifanye mimi ndiye sina roho."

Ditram akageuka kulitazama lango. Lango la ganzi lilikuwa la kufunguliwa kwa mikono miwili: wa mhandisi, na wa mtu mmoja aliyewahi kuuchimba mlima huo, maana sheria ilisema mlima haulazwi bila idhini ya waliouchimba. Kijiji kilimchagua Ditram. Kilimchagua kwa sababu angewachekesha wageni.

"Bila mkono wako siwezi kufungua," Kabula akasema.

"Najua. Ndiyo maana naondoka nao."

Akavua kofia yake, pama la majani lililoliwa na panya ukingoni, akalitundika kigingi cha pili. Sasa zilikuwa mbili. Wachimbaji wa zamani wakashusha pumzi, maana jambo limekuwa la wazi, na wawili kati yao wakakimbilia sululu na mitungi ya hewa.

Winfrida akainuka. "Kaka."

"Naam."

"Usimtanie mpaka mtoke."

*

Bomba la zamani la hewa lilipita ukutani hadi ndani kabisa, na enzi za makaa ndilo lililokuwa simu yao. Ditram alisimama mbele ya kifusi cha Kona ya Kwanza, jasho limemlowesha hadi kwenye soksi, akagonga kwa mpini wa sululu. Mara tatu. Upo?

Bomba likajibu ko. Ko. Halafu kimya. Halafu ko.

"Kajibu!" akasema mmoja wa wale wawili nyuma yake, kupitia barakoa.

"Au bomba linapanuka," akasema wa pili. "Bomba la moto hulia hivyo hivyo."

Alikuwa sahihi, na Ditram alijua. Chuma kikipata joto hugonga chenyewe. Ungeweza kukaa hapo unasalimiana na bomba mpaka ganzi igeuke bluu, na nje mtaa mzima unakusubiri. Simu ya upepo aliyoibeba ikanguruma. Kabula: "Matangi yote mawili yanaanza kuwa kijivu."

Ditram akafikiri. Chuma hujua kugonga, ila hakijui mtu. Na Gerold alikuwa na jambo moja ambalo wilaya nzima ilimjua nalo. Siku ya harusi yake alicheza ngoma ya lizombe mbele ya ukoo mzima wa Ndunguru, na kila ngoma ilipofika pigo la mwisho, mguu wake ulikuwa bado uko hewani. Ulitua baadaye, peke yake, watu wakiwa wamekwisha nyamaza. Ditram aliufanyia jambo hilo wimbo. Miaka yote, wakikutana njiani, hugonga kitu chochote kilicho karibu, ndoo, jembe, ukuta, mapigo ya lizombe yote isipokuwa la mwisho, na kumwachia Gerold aone haya.

Akaligonga bomba hivyo. Ko-ko-ko, ko-ko, ko-ko-ko. Akaacha.

Kimya. Mwamba ukapasuka mahali, vumbi likamwagika mabegani mwao.

Ko.

Limechelewa. Limechelewa kwa kiasi kile kile.

Ditram akaushika mpini upya. Akarudia, haraka zaidi, kumjaribu. Ko-ko-ko, ko-ko, ko-ko-ko. Akaacha.

Ko. Na baada yake, mfululizo wa mapigo ya hasira yasiyo na mdundo wowote, ambayo mtu yeyote aliyewahi kutukanwa na shemeji angeyaelewa.

"Ndiye," Ditram akasema. "Hakuna bomba lenye matusi hayo." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi nusura kigeuke kitu kingine. Akaishika simu. "Mhandisi. Ni mzima. Sidhani tu, nimemsikia."

Simuni zilisikika pangaboi zikikoroga, zinalalamika kwa uzito.

"Kuna umeme wa kuzungusha tangi moja kwa nguvu," Kabula akasema. "Nikizungusha moja kwa nguvu zote, halitaganda mapema. Jingine litakufa. Chagua sasa, mimi sichagui peke yangu. Juu au Chini?"

Juu kulikuwa na nyumba yake. Kulikuwa na kaburi la mama yake, mibuni aliyoipanda baada ya mgodi kufungwa, na vile vishimo vya ngolo alivyochimba kwa sululu hii hii, nyasi zikilazwa chini, udongo juu yake, maharage juu ya udongo. Udongo ukipata moto kwa chini hauoteshi kitu. Watu wa Juu walikuwa majirani zake wote, na muda wa kumuuliza hata mmoja haukuwepo.

"Kubali tumwage sasa hivi, mtu huyo akiwa humo," Kabula akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, "na mlima wote tutaulaza. Sisemi ufanye. Nasema hiyo ndiyo bei, uijue."

"Zungusha la Chini," Ditram akasema.

Akaiweka simu mfukoni na kupiga sululu.

*

Walimtoa kwa tundu lisilotosha mbuzi. Alitoka kichwa kwanza, mweusi tii kama siku za zamani, tochi imekufa, kiatu kimoja kimebaki ndani. Upara wake ulikuwa na michirizi ya damu iliyokauka. Hewa ilikuwa imekwisha kuwa ya kukwaruza koo, na nyuma yake, kwenye giza, kulikuwa na wekundu ambao haukuwa wa taa.

"Umechelewa," Gerold akasema kwa sauti ya mchanga.

Ditram alikumbuka alichoagizwa na dada yake. Akafunga mdomo, akamtia bega.

Nje, mwanga wa jua uliwapiga kama kofi. Gerold alifika kigingini akichechemea, akainua mkono, akaitungua kofia nyekundu mwenyewe, na wachimbaji wa zamani wakapiga kelele zilizosikika hadi bondeni. Ditram akatungua pama lake. Hakungoja kunywa maji. Akaenda moja kwa moja langoni, akaweka kiganja chenye masizi kwenye bamba karibu na kiganja cha Kabula, na lango likafunguka. Ndani ya Tangi la Chini ganzi ilikuwa ya kijivu kilichokolea, nzito kama ugali unaokaribia kuiva, lakini ilikwenda. Bomba likanguruma, likatetemeka, likameza. Walisimama wakilisikiliza hadi kipimo cha Mkanda wa Chini kilipoanza kushuka, polepole, kisha kwa haraka, kikafika mahali kikatulia. Chini ya Nyumba ya Chumvi mlima ulikuwa umelala.

Tangi la Juu lilikuwa bluu, limesimama kimya na pangaboi yake imekwama katikati kama kijiko kwenye chungu kilichosahauliwa.

Halafu moshi ukatoka. Haukuwa mwingi. Ulikuwa uzi mwembamba wa manjano uliochomoza kwenye ngolo za Ditram mwenyewe, katikati ya maharage, kisha mwingine juu kidogo. Watu wa Juu walianza kushuka, mmoja kabeba godoro, mwingine anaswaga nguruwe, na kila aliyepita alimtazama Ditram. Yeye aliwatazama wote, mmoja mmoja. Hakumtania hata mmoja.

"Mtahamia kwangu bondeni wote," Gerold akamwambia, amekaa chini, mkewe anamfuta damu. "Nyumba ni ndogo. Utalala na kuku."

"Kuku wana akili kuliko mwenye nyumba," Ditram akajibu, lakini maneno yalitoka hayana miguu.

Kabula alikuwa bado amesimama kando ya tangi lililokufa, kiganja chake juu ya ule ubluu. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa moshi peke yake.

"Utaungua miaka," akasema. "Hao watoto wanaoshuka na ndoo vichwani watazeeka, na huo uzi utakuwa bado unatoka. Ahadi ilikuwa mlima mzima. Vituo vya kupima hewa vitaunusa moshi wa Lihutu kuanzia leo, na kila mtu anayetaka kurudi kwenye makaa atauonyesha kwa kidole: oneni, hata hawa walishindwa." Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Na nyumba hizo zote. Shamba lako. Kwa sababu ya mzaha. Sikatai, mtu ni mtu, nimefurahi yuko hai. Lakini wakubwa wataniuliza, na watakuwa na haki ya kuuliza. Mlima mzima ulikuwa mkononi. Nitawaambia nini?"

Ditram akaupapasa ukingo wa pama lake ulioliwa na panya. Wachimbaji wa zamani wakatazama viatu vyao. Alikuwa na haki, huyo mwanamke. Haki yake ilikuwa pale juu inatoa moshi.

Winfrida alimaliza kumfuta mumewe. Akaikung'uta kofia nyekundu dhidi ya goti, vumbi jeusi likaruka, akamvika Gerold hadi masikioni, akakaza kishada kilicholegea. Ndipo akageuka.

"Mlikuja hapa mkatuambia tuyaache makaa kwa sababu yanaua watu, Mhandisi, na sisi tukakubali. Waambie hatukujua kwamba kuyaaga nako kulitaka maiti."